Masikio Mawili, Spika Saba

Jumatatu, 4 Machi

Vita vimeingia sebuleni kwangu vikiwa ndani ya boksi. Mke wangu amestaafu uuguzi, na wenzake wamemuaga kwa hom thieta, mtambo wa sauti wa runinga. Spika tano na sabufa. Tano! Binadamu ana masikio mawili. Nimemuuliza hizo tatu zitasikilizwa na nani. Kasema na yeye, maana mimi simsikilizi mtu.

Kisha hukumu. Sebule haibebi mitambo miwili. Amplifaya yangu ya miaka ishirini na sita na spika zake mbili za mbao, zinazonifika kiunoni, eti zinamzibia dirisha. Kaka yake, shemeji yangu kinyozi, atakuja Jumamosi na pikapu kuzihamishia saluni kwake. Spika zangu! Zikae zinamwagiwa nywele za watu!

Nimetamka palepale, na sijutii: nitaiunganisha mitambo yote miwili iwe mmoja. Kacheka mpaka akashika meza. Lakini kakubali. Jumamosi saa kumi wauguzi wenzake watakuja kutazama filamu. Wakisikia vizuri, spika zinabaki. Wasiposikia, shemeji afunge kamba.

Jumanne, 5 Machi

Kijitabu cha maelekezo ni aibu tupu. Mimi ni msahihishaji wa prufu. Kiwanda kizima cha uchapaji kinaiogopa kalamu yangu nyekundu. Ukurasa wa kwanza, makosa kumi na tisa. Picha ya pili iko miguu juu! Nimesahihisha kurasa zote nane bila kuelewa kitu (kusahihisha na kuelewa ni kazi mbili tofauti), nikaandika barua kali ya kurasa tatu, na mchana nimewarudishia watengenezaji vyote viwili kwa posta.

Jirani yetu, fundi redio mstaafu, kaniuliza ng'ambo ya ua kama nimekisoma kijitabu. Nimemjibu nimekifanyia makubwa kuliko kukisoma. Kaomba akione. Hapo ndipo nilipokumbuka kiko njiani.

Jumatano, 6 Machi

Kazi imeanza. Nimelala kifudifudi nyuma ya kabati tangu nitoke kazini. Runinga ikaniuliza kwa maandishi kama spika ya katikati ipo. Nikajibu haipo. Kulia na kushoto panatosha, ya katikati ni umbeya.

Nyuma ya amplifaya pana matundu matatu: kaseti, redio, santuri. Waya wa mtambo mpya nimeuchomeka kwenye santuri. Muziki wenye heshima ulitoka kwenye santuri siku zote. Halafu humo ndimo sauti inamotoka kubwa kuliko kwingine. Nzito! Inakwaruza kidogo, kama ya mtu aliyeona mengi.

Mke wangu kasema msomaji wa habari ana mafua. Nimeafiki. Hali ya hewa.

Alhamisi, 7 Machi

Leo habari kasoma mwanamke. Naye mafua. Nimemweleza mke wangu kwamba ugonjwa umeenea studio nzima. Muuguzi wa miaka thelathini yule: kaniangalia kama anayetafuta pa kuchoma sindano.

Fundi kapaza sauti kutoka uani kwake: "Jirani, umechomeka kwenye santuri wewe! Tundu hilo linakuza sauti mara mbili, litakuharibia!" Nimempa somo fupi juu ya uhuru wa raia ndani ya nyumba yake. Ana redio ya spika moja. Moja! Ataniambia nini mimi mwenye saba?

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi. Vitufe vya sauti vilikuwa viwili, kimoja kwenye kila mtambo, vikigombana. Cha amplifaya nimekifunga kwa plasta ya mke wangu kisiguswe tena, ili rimoti moja itawale kila kitu. Akili yangu mwenyewe! Nimemwita aone. Kasema walau yupo mgonjwa mmoja humu aliyefungwa vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Wauguzi wanne kwenye kochi. Shemeji mlangoni, kamba begani, kakataa kukaa. Filamu ya mapenzi. Mwanzo shwari, kwa sababu hakuna aliyekuwa anasema. Kisha kijana akamnong'oneza mchumba wake. Akanong'ona kama lori linalopanda mlima. Vioo vya dirisha vikatetemeka.

Muuguzi wa kwanza akasema hilo ni koo. "Tonsili hizo, Matroni," akadakia wa pili akimgeukia mke wangu, "hazimalizi wiki." Wa tatu akaagiza asibusiwe mpaka amalize dawa. Wakacheka mpaka machozi. Nikasema ndio mtindo wa mwongozaji. Hakuna aliyenisikia. Shemeji akabeba spika ya kushoto, akasema ataiweka karibu na kioo, isijali, itazoea.

Nikaikumbatia ya kulia. Mke wangu akatazama, akainuka, akaenda uani kumwita fundi. Sikumzuia. Mikono ilikuwa na kazi.

Fundi kaingia na kandambili zake. Karudisha ya kushoto mahali pake, kachomoa waya kwenye santuri, kachomeka kwenye redio. Kaiambia runinga spika ya katikati ipo. Dakika mbili! Wala hakunitazama, ustaarabu unaoudhi kuliko tusi.

Mnong'ono ukatoka mnong'ono. Fidla ikaanza, ukausikia upinde ukigusa uzi. Wauguzi wakasogea ukingoni mwa kochi. Mke wangu kanishika mkono, kasema hakujua kama nyumba hii ina sauti namna hii. Zinabaki. Shemeji kakunja kamba.

Jumapili, 10 Machi

Nimepima mambo kwa haki. Nani aliwaza kuunganisha? Mimi. Nani alifunga plasta? Mimi. Fundi alisogeza waya mmoja, sentimita nne. Nimemshukuru kwa kiwango hicho.

Spika mbili ndogo za mbele za mtambo mpya zimekosa kazi, zangu zimeshika nafasi yao, kwa hiyo shemeji kaondoka nazo jana, furaha tele. Nilijitolea kwenda kumfungia. Kanisihi, kwa heshima ya dada yake, nisifike. Adabu iliyoje! Hataki kunisumbua. Ufunguo wa akiba wa saluni anao mkewe, nimeshauazima. Kesho alfajiri nitaingia kabla hajafungua; atazikuta tayari, zimeunganishwa na mashine za kunyolea, swichi moja kwa vyote. Mke wangu kauliza kama nitakwenda na fundi.

Fundi wa nini? Waya zenyewe nne tu.