Tabaka la Sita

Jumatatu, 4 Machi
Vita! Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, niliyemtafutia mwenyewe kazi hapa kliniki ya macho, ameleta programu. Eti kompyuta inapokea picha ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, halafu inachora yenyewe mistari ya kutenganisha tabaka zake. Mistari! Kazi yangu, ninayoifanya kwa mkono huu tangu yeye anavaa kaptura! Daktari kasema Ijumaa ni majaribio. Programu ikishinda, nahamia dirisha la mapokezi kuita majina. Thubutu!

Jumanne, 5 Machi
Nimeikamata! Programu imechora tabaka tano. Mimi naona sita. La sita ni jembamba, limejibanza juu ya la tano. Shemeji kasema siku zote ni tano. Nikamwambia hao waliohesabu hawakujua kutazama. Akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, kama nalala vizuri.
Nyumbani mke kalalamika kwamba namwaga chai nje ya kikombe. Vikombe vya siku hizi vina midomo miwili. Ovyo kabisa.

Alhamisi, 7 Machi
Mpango! Nimepiga picha jicho langu la kulia, jicho zima, halina hata kasoro. Nimeiingiza kwenye majaribio kwa jina la mama mkwe. Programu itaropoka ugonjwa usiokuwapo, nami nitasimama niiumbue. Nimefanyia hotuba mazoezi bafuni. Mke kauliza naongea na nani.

Ijumaa, 8 Machi
Programu ikasema konea ya mama mkwe imekonda katikati na kuchomoza. Shemeji akataharuki, akashika simu ampigie mama yake. Nikacheka hadi nikaegemea meza. Nikatangaza: jicho hilo ni langu!
Daktari hakucheka. Akaniziba jicho la kushoto, akachora mstari mmoja ukutani, akauliza naona mingapi. Nikajibu miwili, kama kila mtu. Akasema ugonjwa huu ukiachwa unakula uwezo wa kuona, na programu imeuwahi.
Hapa hasomi mtu, basi naandika: niliogopa. Shemeji akanishika mkono hadi nyumbani. Sikumshukuru, ng'o.

Jumatatu, 25 Machi
Tiba imeanza. Nimepewa lenzi ya kuvaa jichoni. Mapokezi siendi: Daktari kasema nitakagua mistari ya programu pamoja na shemeji.
Nikavaa lenzi, nikafungua picha. Tano. Nyingine, tano. Zote tano! Tabaka langu limekwenda wapi? Shemeji akanipiga bega, akasema sasa nimeona mwenyewe. Nikaitikia kwa kichwa. Akatoka akiwa na furaha, masikini.
Nikaitoa lenzi. Lo! Hilo hapo, la sita, jembamba, limetulia mahali pake!
Lenzi mbovu. Inaficha tabaka. Kesho namwambia Daktari, na kuanzia sasa nakagua bila lenzi.