Ndayisenga na Miwani ya Waridi

Sogezeni viti, enyi watu wa Gisenyi na wa ng'ambo ya mpaka, na mwenye simu aizime, maana habari hii ya Ndayisenga mwana wa Nzabonimpa, Simba wa Forodha, Mpitisha-Malori, Yule Asiyepepesa, haisikilizwi huku mtu akitafuna.

Ilikuwa Jumapili, ufukweni mwa ziwa, ambako Resty, malkia wa kibanda cha shabaha, alikuwa amepanga makopo matupu mbele ya ukuta wa mawe meusi ya volkano. Shujaa aliinyooshea mkono bunduki ya upepo. Nyuma yake lilisimama jeshi zima la ukweni, likiongozwa na mama mkwe wake, Vestine, ambaye tangu harusi hakuwahi kufurahishwa naye, au ndivyo Ndayisenga alivyoamini. Leo, aliapa moyoni, kopo litaanguka na heshima itasimama.

Ndipo Resty akamtolea kwanza miwani ya kukinga macho, ya plastiki, rangi ya waridi, yenye mpira wa kufunga kisogoni.

"Mi?" akanguruma Ndayisenga. "Mi mujukuu wa watu walilengaka chui macho wazi, nivae hii kitu ya batoto?"

"Bon, papa. Bila miwani, bunduki hapana."

Mashemeji wakacheka, na kicheko kile kikamchoma hadi mfupani. Alikuwa anageuka kuondoka, Vestine alipoipasua safu akaja mbele.

"Sikia, mukwe. Hii jicho yangu ya kushoto ilikufa kule Cyanzarwe, tulikuwa tunavunja mawe ya nyumba. Kajiwe kadogo tu. Na mi pia nilisema si kitu. Binti yangu nilimupa mutu wa macho mbili. Vaa."

Ndayisenga akaona haya, maana miaka yote alidhani jicho lile lisilocheka linamtazama kwa dharau.

Akavaa. Lakini mwanamume wa huku hafyatui kabla ya kutoa kivugo, yale majigambo ya wapiganaji wa kale. Naye akajisifu kwa ukoo, kwa malori, kwa ng'ombe ambao hakuwahi kuwa nao, hata joto la pumzi yake likapanda na miwani ikajaa ukungu. Aivue aifute, mama mkwe akitazama? Thubutu! Akafyatua bila kuona kitu.

Risasi ililikosa kopo kwa umbali ambao mwenye adabu hautaji, ikagonga jiwe, ikarudi kwa hasira, ikampiga ta! katikati ya kioo cha kulia.

Vestine akamvua miwani kwa mikono yake mwenyewe, akamshika kidevu, akamkagua kwa muda mrefu.

"Yote iko muzima," akasema. "Mutoto yangu iko muzima!"

Akapiga vigelegele, jeshi lote likaitikia, na Asiyepepesa akapepesa sana, akisingizia vumbi. Kopo lilibaki limesimama, wala hakuna aliyeuliza habari zake. Na tangu hapo, pale ukweni wakihesabu umri wa watoto na wa ndama, hawataji tena mwaka wa mvua kubwa. Husema, kabla ya Ndayisenga kuvaa, au baada.