Mama Mkwe Aliyeingia Bila Usajili

Kwa Mheshimiwa Msajili wa Makampuni,

Salaam. Mimi ndiye yule fundi saa niliyekuja kutengeneza saa ya ukutani katika chumba chenu cha kusubiria, saa iliyokuwa imesimama muda mrefu kuliko hata wateja wenu. Nikiwa juu ya ngazi niliona kijitabu kabatini, kinachoeleza njia halali za kampuni ya nje kuingia na kufanya kazi katika nchi ya watu. Nilikichukua, samahani. Nimekisoma mpaka mwisho, na sasa najua kwamba mama mkwe wangu anavunja sheria zote. Namheshimu mno, siwezi kumwambia mwenyewe, ndiyo maana nakuandikia wewe.

1. Aliingia kama ofisi ya uwakilishi. Alisema amekuja wiki mbili kumsalimia mjukuu. Kijitabu kinasema ofisi ya namna hiyo kazi yake ni kutazama na kupeleka habari makao makuu, basi. Wiki ya kwanza alitii. Alikaa kwenye kochi, akatazama, na jioni akampigia baba mkwe simu kwa sauti ya kufika kwa jirani: "Kula anakula vizuri, kazi ndiyo sijaiona." Sikulalamika. Lakini wiki ya pili aliingia jikoni akahamisha chumvi, na tangu hapo anayetaka chumvi sharti apitie kwake.

2. Nikasema huenda ni tawi. Tawi likikosea, makao makuu huwajibika. Kwa hiyo alipovunja birika langu la chai nilimpigia baba mkwe kudai haki. Alinijibu, "Mwanangu, huku kumetulia sana. Usiniharibie." Je, makao makuu yanaruhusiwa kulikana tawi huku yakicheka?

3. Kampuni ya nje hutakiwa kuwa na wakala mkazi. Amemteua binti yangu, ambaye bado hajui kufunga viatu. Rimoti ya televisheni iko kwa wakala, na wakala hapokei maelekezo yangu. Nilipolifikisha suala hili kwa serikali mwenyeji, yaani mke wangu, nilikuta mgeni keshasamehewa kila kitu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimpa, nikidhani ataelewa. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalima uani, kisha akaotesha miche ndani ya makopo. Makopo yanataka jua, jua liko dirishani, na dirishani ndipo ilipokuwa meza yangu ya kazi. Sasa natengeneza saa za watu kando ya mlango wa choo. Juzi, kwa lile giza, niliipachika mishale ya saa ya mwalimu mkuu kinyume, mrefu mahali pa mfupi, na shule nzima ikarudi nyumbani kabla ya kipindi cha kwanza. Bila mwanga mimi si fundi, ni mtu mwenye bisibisi tu.

Naomba umtume afisa aamue mama huyu ni nani kisheria: ofisi, tawi, mbia au kampuni tanzu. Kama ni kampuni tanzu, ile inayosajiliwa hapa hapa, basi keshakuwa mwenyeji, na itabidi mimi nitafute nchi. Kama hana cheti, arudishwe makao makuu kwa heshima zote, pamoja na makopo yake, nami nirudishiwe dirisha langu.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule dada wa mapokezi aliyenishikia ngazi.

Wako mtiifu,
Fundi Saa

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii wakati natafuta bahasha. Amenikumbusha, kwa upole unaotisha, kwamba nyumba ni ya mama yake, ametuazima tu, na kwamba tulipooana mimi ndiye niliyekuja na begi na meza, nikaomba wiki mbili mpaka nipate chumba. Binti yetu kazaliwa humu humu. Tafadhali usimtume afisa, nitumie mimi fomu ya usajili. Mama mkwe, ambaye naye keshaisoma, anasema hana ugomvi na wawekezaji, na nikikubali kuwa tawi lake meza itarudi dirishani. Nimekubali. Leo asubuhi amenikabidhi jembe.