Kibao cha Fundi Tombe

Jumatatu, 2 Machi 2009

Vimefika! Makasha manne ya vitabu vipya vya uchumi kutoka Kampala. Vya wanafunzi, na vya mtu yeyote mwenye macho. Jaladani mikono miwili inashikana. Ndani sijasoma bado, lakini jalada nimelisoma lote, mbele na nyuma. Hapa soko la Custom, Juba, mimi, Linus Wafula, ndiye elimu. Wengine sukari tu.

Ijumaa saa saba mchana anakuja Mama Teresina, mkutubi wa chuo. Vitabu vyake vya uchumi vimeliwa na mchwa, na muuzaji atakayemchagua ndiye ataijaza rafu mwaka mzima. Nikikosa, basi. Narudi Webuye kufundisha katika shule ya kaka yangu Isaiah, niitwe "mwalimu mdogo" mbele za watoto. Mungu apishe mbali!

Mpinzani ni mmoja. Bilow, Msomali wa Garissa, maduka yetu yanatazamana. Kaagiza vitabu vilevile, kavipanga juu ya magunia ya sukari. Hana haya. Dawa yake ni kibao kikubwa. Nimemwendea Tombe, mchoraji wa vibao, nikamtajia maneno kwa mdomo. Akasema mafi muskila, hakuna shida, yeye iko fundi, Kiswahili iko anajua yote.

Jumanne, 3 Machi

Tombe alitundika kibao nikiwa ndani nafungua makasha. Nimechungulia rangi tu. Nyekundu, inawaka.

Loo, watu! Vijana wamejaa mlangoni tangu saa mbili, wanasukumana, wanacheka kwa aibu. Kumbe Juba ina kiu ya elimu namna hii! Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama kitabu kinasema lolote kuhusu baba wa msichana anayetaka ng'ombe wengi. Swali la kina. Nikamwambia ipo sura nzima. Wanaotaka wakiwa wengi, bei hupanda. La kufanya ni kuliachia soko liamue. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Akanunua vitatu, viwili vya wajomba.

Jumatano, 4 Machi

Bilow alivuka barabara, akasoma kibao changu, akaketi chini kwa kucheka. Akaniambia, wallahi, nitoke nje nisome mwenyewe. Nikatoka.

VITABU VIPYA VYA UCHUMBA. KWA WANAFUNZI NA WATU WOTE.

Uchumba! Nilisema uchumi! Nikakimbia hadi kwa Tombe. Akanijibu kwa utulivu kwamba neno uchumba iko analisikia kila siku, uchumi hajapata kulisikia, kwa hiyo alidhani ulimi wangu umeteleza, akanisaidia. Eti akanisaidia!

Ningekishusha leo leo. Lakini niliporudi na ngazi nikakuta wateja wengine sita wanasubiri. Kikae hadi Ijumaa. Mama Teresina atajulia wapi?

Alhamisi, 5 Machi

Yule kijana wa ng'ombe karudi, kaletwa na mjomba wake, Mzee Duop, mtu mrefu kama mlingoti. Kumbe katika kikao cha mahari kijana alifungua kitabu, akawaambia wakwe waliachie soko liamue. Wakwe wakafurahi sana. Soko likaamua. Kaja mwingine mwenye ng'ombe kumi zaidi, na mchumba kaenda naye.

Nikajieleza kuhusu ushindani hadi jasho likanitoka. Mzee Duop akasikiliza, kisha akaniuliza kwa upole mimi mwenyewe nilioa kwa ng'ombe wangapi. Nikasema bado sijaoa. Custom nzima ikaangua kicheko, Bilow akiwaongoza. Niliumia, sitasema uongo. Lakini hapo hapo nikapata wazo.

Ijumaa, 6 Machi

Akili ni mali! Saa sita unusu Bilow akaenda msikitini kusali. Alivyopinda kona tu, nikashusha kibao changu, nikakitundika juu ya mlango wake. Aaibike yeye. Nikakaa kwangu, tai shingoni, kitabu mkononi.

Mama Teresina akafika. Akanipita! Akasimama mbele ya kibao, akitazama juu. Nikamfuata kumsikitikia, nikasema wapo watu wanaoichezea elimu. Akaniuliza kama mwenye duka hili ndiye aliyeweka kibao. Nikaapa ndiye.

Akamshukuru Mungu. Akasema miaka miwili hakuna mwanafunzi aliyegusa kitabu cha uchumi, lakini wiki hii wanapanga foleni kuulizia kile cha uchumba, na waliokwisha kukinunua wanabishana juu ya bei na ng'ombe hadi dirishani kwake. Alikuwa akimtafuta huyo mtu mwenye akili. Mara Bilow huyo, anarudi na kofia yake kichwani. Rafu yote kapewa yeye. Mwaka mzima! Nami nimeshaapa.

Jumamosi, 7 Machi

Bilow kaniletea chai ya maziwa. Akasema anajua kibao ni changu, na yeye anajua sukari, vitabu hajui. Mdomo ninao mimi. Tuijaze rafu pamoja, nisirudi Webuye. Karibu nilie.

Nikakataa. Nisaidiwe na muuza sukari? Tena siri yake nimeshaigundua. Bahati ilipofika, Bilow alifanya nini? Hakufanya kitu. Hakuwepo! Waliosema asiyekuwepo na lake halipo hawakusoma uchumi. Nimemwandikia Isaiah ujumbe kwamba asinitarajie. Jumatatu nafunga duka kutwa, naenda zangu soko la Konyo Konyo kula samaki. Mteja mkubwa akija, asinikute.