Kadi ya Miaka Sabini na Minne

Jumatatu, 2 Agosti 1971
Daktari Odero wa Nairobi amepiga kambi hapa Itumbe, kwenye kibanda cha kununulia majani chai. Anatafiti chanzo cha maradhi ya moyo. Anasema huko Ulaya mtu akizeeka presha hupanda mpaka moyo unamsaliti, lakini amesikia wazee wa vilima hivi wana presha za vijana. Ni kwa sababu ya chumvi? Chakula? Kupanda milima? Anapima tu waliotimiza miaka sabini na kuendelea. Kila mmoja anapewa kadi yenye jina, umri na mhuri.

Mhuri. Nimeuwaza mpaka chai ninayokunywa kwa siri ikapoa. Jumapili wakwe wanakuja kuzungumza mahari ya binti yangu Kwamboka. Binti ni wangu, lakini kiti cha msemaji atakikalia kaka yangu Machogu, kwa kuwa alizaliwa miaka mitatu kabla yangu. Sifa nyingine hana. Kwa Bonareri, binti yake mwenyewe, alikubali ng'ombe sita, mmoja chongo! Nina miaka arobaini na tisa na bado nasubiri amalize kuongea.

Jumanne, 3 Agosti
Nimezeeka. Kazi ya nusu saa. Majivu nyweleni, fimbo ya marehemu baba, mgongo nikaupinda.

Muuguzi Benter haulizi cheti cha kuzaliwa, maana wazee hawana. Huuliza mtu anakumbuka nini. Nikamsimulia vita vya Waingereza vya 1908, mimi mchunga mbuzi nimejificha kwenye shamba la wimbi. Kisa chote ni cha marehemu mjomba. Chozi lilikuwa langu. Akapiga hesabu: miaka sabini na minne. Akaniita omogaka, yaani mzee, na kunishika mkono nisianguke.

Daktari akanifunga mkononi mpira wa kupimia presha, akaujaza upepo, akasikiliza. Akarudia. Akasema hajawahi kuona mzee wa umri huo mwenye presha kama hiyo. Akauliza kuhusu chumvi. Nikasema siijui ladha yake. Chai? Nikamwambia mimi ni Msabato, na Msabato hanywi chai. Aliandika ukurasa mzima. Nikarudi nyumbani na kadi. Ishmael Okemwa, 74. Mhuri wa bluu.

Alhamisi, 5 Agosti
Nimemwonyesha Machogu. Aliisoma mara mbili, akausugua mhuri kwa kidole gumba. Akasema kwa mtu aliyekula chumvi nyingi hivyo, nina meno mengi. Akasema pia kwamba alinibeba mgongoni nikiwa mchanga. Nikamjibu kwamba hilo halimo kwenye kadi.

Mzee Nyangate, mkuu wa ukoo, huheshimu mihuri kuliko watu. Ameamua kiti ni changu. Leo nimehudumiwa chakula wa kwanza. Paja la kuku! Kumbe kaka yangu amekuwa akila hivi miaka yote.

Jumapili, 8 Agosti
Niliketi. Nikadai ng'ombe kumi na wanne. Angwenyi, baba wa bwana harusi, akaanza kujifuta jasho. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Ndipo akatokea Daktari Odero na Benter. Moyo huenda na damu ya ukoo, akaeleza, kwa hiyo amekuja kuwapima ndugu zangu. Wakati huohuo mama yangu, Mong'ina, akatoka jikoni na ugali. Mama ana miaka sabini na mmoja. Daktari akamtazama mama, akanitazama mimi, kisha akamuuliza umri wake. 

Mama aliniangalia. Akaweka ugali chini. Akasema ana miaka tisini na mitano, na kwamba alimzaa Ishmael akiwa na ishirini na mmoja. Nilimpenda mama yangu pale kuliko siku zote.

Akaendelea. Machogu ndiye aliyemzaa kwanza, miaka mitatu kabla. Kwa hiyo Machogu ana sabini na saba. Tena ugali unapoa, mkubwa aketi watu wale.

Nikasimama. Machogu akaketi. Wameafikiana ng'ombe tisa, wote wana macho mawili. Kama nisingeanzia kumi na wanne, tungepata wangapi? Ushindi ni wangu, ingawa hakuna aliyeutaja.

Jumatatu, 9 Agosti
Daktari ameniita. Mama alikuwa amemweleza Benter ukweli kule nyuma ya jiko. Ameichana karatasi yangu ya vipimo. Hakufoka. Alisema watu wanakufa kwa moyo, na chanzo hakitajulikana akiletewa moyo wa miaka arobaini na tisa kwa jina la sabini na minne. Mtu fulani mahali fulani angejiponza kwa kuamini presha yangu.

Nilisikia aibu kweli. Ilinishika mpaka kwenye kona ya kiwanda cha chai. Pale nikasikia kwamba kikosi cha pili, chenye daktari mwingine, kinaanza kazi kule Tabaka Alhamisi, kwa wachonga mawe. Kule hakuna anijuaye, na mama hawezi safari ndefu. Bado nina binti mmoja wa kuoza.

Machogu ana sabini na saba. Nitakuwa na themanini.