Dakika 437 Bila Kufungwa

Jumatano, 9 Oktoba

Vita imetangazwa! Nimeingia klabuni kunywa kahawa yangu ya asubuhi, nikamkuta Gudrun Stoll amepanda juu ya kiti, anapima kibao changu kwa futi ya utepe. Kibao changu! Cha shaba, juu ya kaunta, tangu 2003. ROSWITHA KAPPES, KIPA. DAKIKA 437 BILA KUFUNGWA, KOMBE LA ULAYA LA WANAWAKE. Kwa miaka ishirini na mmoja hakuna kipa wa Lindenrode aliyeikaribia rekodi hiyo. Mpaka huyu Jonna.

Jonna Wiechert ana miaka kumi na tisa na mikono mirefu kama makasia. Msimu huu amecheza mechi nne za Ulaya bila kufungwa, yaani dakika 360. Jumatano ijayo tunawakaribisha Waitaliano. Akifika dakika ya sabini na nane bila kufungwa, rekodi ni yake.

Gudrun ndiye mtunza kumbukumbu wa klabu. Akasema anapima tu, kwa maandalizi, maana fundi wa vibao anataka vipimo mapema. Nikamwambia kaburi halichimbwi mgonjwa akiwa bado anakula supu. Akaandika vipimo vyake kwenye daftari na kushuka.

Na huyu huyu Gudrun alikuwa beki wangu! Mechi ya tano, dakika ya 77, ni pasi yake ya nyuma, dhaifu kama chai ya hospitali, iliyonifungisha. Bila yeye ningekuwa bado nahesabu.

Kibao hakiondoki. Duniani jina langu limeandikwa mahali pawili tu: pale klabuni na kwenye kengele ya mlango wetu. Na kwenye kengele limeanza la Detlef, mume wangu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepata! Nilikuwa nasugua sufuria, wazo likaja lenyewe.

Dakika za nyongeza! Zile anazoongeza mwamuzi mwishoni mwa kila kipindi. Kitabu cha klabu kinahesabu tisini kwa mechi, basi. Lakini mimi nilisimama golini hadi kipenga cha mwisho. Nani alinilipa jasho lile?

Nimeshuka stoo, nikazipata kanda za video za mechi zangu nne za kwanza nyuma ya gunia la viazi. Ya mechi ya tano nayo ilikuwepo. Hiyo sikuigusa. Sijawahi kuitazama na sina hamu. Detlef kafufua mashine yake ya video. Nikapeleka kila kanda mbele hadi mwisho wa kipindi, saa ya kupimia mkononi. Jumla, dakika kumi na moja. Kwa hiyo rekodi yangu si 437. Ni 448!

Na nimejiona. Jamani, nilikuwa mwembamba! Hasa ile mechi na Wadenmaki, kipindi cha pili. Kiuno kile! Naruka kama paka. Detlef akauliza mbona nywele zilikuwa fupi. Nikamwambia mwanamume hakumbuki hata siku ya harusi yake.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimempelekea Gudrun hesabu. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikavaa hata viatu vizuri. Akakubali papo hapo. Akasema hoja ina haki, dakika iliyochezwa ni dakika.

Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Gudrun hajawahi kukubaliana nami tangu mwaka 1994.

Akafungua daftari, akasema sheria ni sheria, kwa mkubwa na kwa mdogo, kwa hiyo na Jonna aongezewe zake. Siku hizi mchezaji akianguka, wanasubiri mpaka ainuke, ajifute, avute soksi, kisha waamuzi waende kwenye luninga kutazama kosa la nani. Dakika za nyongeza za Jonna katika mechi nne: ishirini na tisa! Sasa ana 389. Mimi nimejichumia kumi na moja, yeye ishirini na tisa, tena bila hata kusugua sufuria.

Pengo lilikuwa dakika 77. Sasa ni 59. Gudrun kachukua kanda zangu zote nne kwenda kuzihakiki. Nikamwambia ahakiki mpaka macho yamtoke, sina cha kuficha.

Jumapili, 13 Oktoba

Gudrun kapiga simu tukiwa mezani. Jumapili! Nyama bado inatoa moshi!

Kazitazama kanda zote nne, mwanzo hadi mwisho, daftari mapajani. Nani anafanya hivyo? Mtu asiye na mume. Anasema mechi ya Wadenmaki, dakika ya 68, tukiongoza saba bila, kocha alinitoa akamwingiza Silke, kipa wa akiba, naye aonje Ulaya. Aliyeandika ripoti alisahau kuandika. Nikasema uongo, mechi ile naikumbuka yote. Akasema ndiyo, naikumbuka kutoka benchi, maana kanda inanionyesha nimejifunika blanketi, nakula soseji.

Kwa hiyo kile kiuno ni cha Silke.

Zinakatwa ishirini na mbili, na tatu za nyongeza. Nimebaki na 423. Pengo ni dakika 34! Gudrun keshampigia Silke kumpongeza. Silke kalia kwa furaha, eti.

Detlef akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwondolea sahani. Akasema donge la viazi lilikuwa la mwisho na alikuwa hajalimaliza. Najua.

Sishindwi mimi. Kama hesabu hazinitaki, nitamshughulikia mtoto mwenyewe.

Jumanne, 15 Oktoba

Mpango wa leo: keki na sumu. Sumu ya maneno tu, lakini kali.

Nimemwalika Jonna kwa kahawa na keki ya plamu. Nia yangu ilikuwa kumpa ushauri mbovu, ule mbovu kabisa. Nimwambie kwenye penalti aruke mapema. Nimwambie krosi zote azifuate, hata zile za mbali. Kesho asubuhi angeamka amechanganyikiwa, na kabla ya nusu saa angekuwa ameshafungwa.

Kafika na maua. Maua! Akakaa wima kama yuko kanisani, akala vipande vitatu. Kisha akasema, Bi Roswitha, naomba nikuulize kitu, usinicheke. Ananiambia penalti zinamtisha. Anatazama macho ya mpigaji, na macho yanamdanganya kila mara.

Nikafungua mdomo kumwambia aruke mapema.

Sikuweza. Mtu hawezi kukaa jikoni mwangu akasema anatazama macho! Macho! Nani kamfundisha? Nikasimama. Nikamwambia, mwanangu, macho ya mpigaji waachie wachumba, wewe tazama mguu uliosimama, ule usiopiga, maana unakoelekea ndiko mpira unakokwenda. Subiri mpaka utue. Nikasogeza meza. Nikamwekea goli kati ya friji na dirisha, Detlef akapiga penalti kwa viazi. Viazi kumi na vinane. Kavidaka kumi na vinne.

Alipoondoka alinikumbatia. Nikabaki na fagio mkononi, najitukana kwa sauti. Detlef akasema siku nyingi hajaniona nimechangamka vile. Nikamwambia aokote viazi.

Haidhuru. Penalti ngapi hutokea kwenye mechi moja?

Jumatano, 16 Oktoba

Dakika ya 31. Penalti.

Nilikuwa jukwaani, kiti changu cha kawaida, Gudrun kando yangu na daftari lake. Jonna alikuwa na 389 na thelathini, anahitaji dakika tano tu anipite. Akifungwa sasa, nimepona! Nikamwombea Mwitaliano. Mungu anisamehe, nilimwombea kwa moyo wote.

Jonna hakutazama macho. Alitazama chini. Akasubiri. Mguu ukatua, mkono ukaenda, mpira ukagonga ngumi ukatoka nje! Na mimi, ambaye kibao changu ndicho kilikuwa kinaondoka, nilikuwa wa kwanza kusimama. Nilipiga kelele nikamwaga kahawa yote kwenye daftari la Gudrun. Hilo la kahawa silijutii.

Dakika ya 35 Gudrun akaangalia saa, akaandika 424 juu ya doa la kahawa. Basi. Imekwisha.

Kisha ikaja dakika ya 71. Mpira wa kichwa, kona ya juu, hakuna kipa ambaye angeufikia. Jonna kafungwa. Nikapiga hesabu kwa vidole. Kwa hesabu ya zamani, 360 na 71 ni 431. Kasoro dakika sita aifikie 437! Ningenyamaza Alhamisi ile, ningeosha sufuria zangu kama watu wengine, leo kibao ni changu.

Gudrun alikuwa amepiga hesabu ile ile. Niliona kwenye mdomo wake. Akanipigapiga goti, akasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikamwambia mimi si mshindani, mimi ni bingwa.

Baada ya mechi Jonna kaiambia luninga kwamba penalti ile ilidakwa jikoni kwa Roswitha Kappes. Jina langu, Ulaya nzima! Nililia. Kwa hasira, zaidi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Wamekishusha kibao. Jonna kasisitiza kisitupwe, kitundikwe chini ya chake. Tena kitaandikwa 423. Afadhali wangekitupa.

Nimekaa stoo asubuhi nzima, nimetafakari kwa utulivu, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Nilipeleka kanda ambazo si zenyewe! Ushahidi halisi uko kwenye ile ya tano, ya pasi ya nyuma. Gudrun ndiye aliyenifungisha. Beki akijifunga mwenyewe, kipa ana kosa gani? Bao lile halipaswi kuhesabiwa juu yangu, na likifutwa, dakika zangu zinaendelea mpaka mwisho wa mechi na pengine mechi inayofuata. Nitafika 436 bila shida, na nyongeza juu, kisha mechi inayofuata inanivusha 460 na kitu za Jonna. Jonna atafute kibao kingine.

Detlef akauliza kama nimeitazama kwanza. Ya nini? Nilikuwepo! Naikumbuka yote.

Nimeifuta vumbi, nimeitia kwenye mfuko. Kesho saa mbili asubuhi iko mezani kwa Gudrun.