Johari na Dirisha la Orofa ya Pili

Jumatatu, 3 Februari 2003

Bi Ummi amesafiri leo asubuhi kwenda Mombasa, kula Idd na kumwoza mjukuu wake. Ameniachia ufunguo wa nyumba yake ya orofa ya pili, pamoja na paka wake Johari. Hatua kubwa. Chumba cha duka cha mbele, kile kinachotazama barabara, ni kitupu tangu kinyozi ahame, na Bi Ummi ndiye mwenye jengo. Wanaokitaka ni wawili. Mimi, Bartholomew Ndeti, fundi wa redio, ninayefanyia kazi chini ya ngazi kama buibui. Na Makau, fundi cherehani, anayeshonea barazani. Bi Ummi amesema ataamua akirudi. Atakayemtunza paka ndiye atakayepata duka. Hakusema hivyo, lakini mimi husikia hata yasiyosemwa.

Makau naye alijitolea kumtunza. Nilimwahi. Nilimwambia Bi Ummi kwamba kwetu Kangundo tumefuga paka tangu enzi za babu. Si uongo. Kulikuwa na paka ghalani. Sijui kama alikuwa na jina.

Akanipa masharti. "Mwanangu, dirisha kubwa la sebuleni usilifungue. Fungua vile vidirisha vya juu tu. Jua likipanda, teremsha pazia. Maji muwekee bakuli mbili, na mlango wa chumbani uwe wazi apate sakafu ya baridi. Huyu akiona njiwa hana akili." Nikajibu naam kwa kila sharti. Sikuyatia maanani. Nilikuwa napima duka kwa macho.

Mchana nilipanda kumwona. Paa la mabati, Februari, Machakos. Nyumba ilikuwa tanuri. Johari kalala sakafuni, mdomo wazi, anahema kama mbwa. Nikawaza: paka akifa kwa joto, duka limekwenda. Nikafungua dirisha kubwa. Lina grili ya chuma. Mwizi mzima hapiti hapo. Paka atapitia wapi?

Jumanne, 4 Februari

Alipitia katikati ya nondo, kichwa kwanza.

Nilimkuta nje ya grili, kwenye ukingo wa dirisha usiozidi upana wa kiganja, anawatazama njiwa. Chini yake ni barabara. Nilimwita kwa jina. Nilimwita kwa omena, vile vidagaa vikavu. Aliitikia omena.

Makau alikuwa ameyaona yote kutoka barazani, mguu juu ya pedali. Nilipoteremka aliuliza kwa sauti ya kusikiwa na wateja: "Bartholomew, wewe uko na paka, ama paka iko na wewe?" Wateja wakacheka. Nilimwambia paka wa orofani wanahitaji hewa, jambo ambalo fundi wa suruali hawezi kulijua.

Nimefunga dirisha. Joto limerudi. Paka anahema tena. Lazima nipate kitu cha kupitisha upepo na kuzuia paka.

Alhamisi, 6 Februari

Chandarua! Hupitisha hewa na huzuia mbu, naye paka ni mkubwa kuliko mbu. Nilikitoa kitandani kwangu, nikakifunga kwenye grili kwa waya wa kuchomelea redio. Kazi safi. Nikateremka kunywa chai.

Njiwa akatua kwenye ukingo.

Niliporudi, Johari alikuwa ananing'inia katikati ya chandarua kwa kucha nne, kama samaki aliyekosea njia. Nilipomchomoa, kitambaa kikapasuka toka juu hadi chini. Mikono yangu pia. Makau akaniuliza kama paka wa Bi Ummi alikuwa na malaria. Sasa mbu wananila mimi, na paka hajapata hewa.

Ijumaa, 7 Februari

Shangazi Kalekye amekuja mjini kuuza vyondo. Nilimpandisha juu aone tatizo. Hakukaa hata chini. Akasema ninunue waya wa kuku, niubane kwa ndani ya grili pande zote nne, basi. Hewa inaingia, paka hatoki.

Nikamweleza kwa subira kwamba dirisha hili linatazamwa na mji mzima. Bi Ummi akirudi akute nyumba yake imefanywa banda la kuku? Mtu anayetaka duka la mbele lazima aonyeshe kazi ya mbele. Nikamwambia ninachotaka: wavu wa mkonge, wa kusukwa kwa mkono, wenye mistari ya rangi kama kiondo cha bibi harusi. Tena ufungwe kwa nje, watu wauone.

Shangazi alikuwa tayari anapima dirisha kwa shubiri. "Mwana wa ndugu yangu," akasema, "hiyo kichwa yako iko ya kuwekea kofia tu." Lakini yeye hakatai kazi. Ameanza kusuka leo leo, akisaidiwa na rafiki yake Mbula.

Jumapili, 9 Februari

Tumeufunga baada ya ibada. Wavu mzuri ajabu. Nyekundu, kijani, zambarau. Mkonge uliisha kabla ya kufika juu, likabaki pengo dogo. Nikasema si kitu, paka hana mabawa. Watu walisimama barabarani wakatazama. Makau mwenyewe alisimamisha cherehani akatazama. Furaha yangu haikuwa na kifani.

Johari aliunusa wavu kupitia kwenye nondo. Kisha akaunyoshea mikono na kuukwaruza, taratibu, macho yamefumba. Anaupenda. Nimeacha dirisha wazi.

Jumatatu, 10 Februari

Siku mbaya.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kwa paka, mkonge ni ngazi. Kwenye waya kucha huteleza. Mkonge humshika. Johari alitoka kati ya nondo, akaupanda wavu hadi juu, akapita kwenye pengo langu dogo, akageuka, akajikuta upande wa barabara. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Akalia.

Nilifika mbio. Kulikuwa na njia nyingi za kumwokoa. Nilichagua kuvuta wavu ndani pamoja na paka. Fundo la kushoto likafunguka. Kisha la kulia. Wavu ukabaki umeshikwa na fundo moja, unapepea, na Johari akiwa kwenye pindo lake juu ya mji wa Machakos.

Nikachungulia chini. Makau alikuwa tayari kasimama. Alikuwa anashona kitambaa cha zambarau cha altare, kazi ya akina mama Wakatoliki kwa ajili ya Kwaresima, na Bi Wayua, mwenyekiti wao, alikuwa amekuja kukikagua. Makau alikichomoa kwenye mashine pamoja na uzi. Akamkabidhi Bi Wayua pembe mbili bila kumwomba ruhusa. "Mama, shika! Vuta! Rudi nyuma kidogo!" Fundo la mwisho likafunguka.

Johari alitua katikati ya Kwaresima.

Kitambaa kililegea upande wa Bi Wayua, paka akagonga lami kwa mguu wa mbele. Akachomoka, akajificha chini ya cherehani. Nilipomnyoshea mkono alinipiga makofi mawili, yote yenye kucha. Makau alipomnyoshea mkono, alipanda mapajani.

Tulimpeleka kwa Muindi, daktari wa mifugo. Anatibu ng'ombe zaidi, lakini alimpapasa kwa makini. Mguu umeteguka, haukuvunjika. Nilimwambia mimi sikuwa na wasiwasi, kwani inajulikana paka huanguka kwa miguu. Akanijibu bila kuinua uso: "Ndiyo. Na miguu ndiyo huvunjika. Na taya." Akasema isingekuwa kile kitambaa, angekuwa anatuonyesha mahali pa kumzika.

Hilo sikulipenda. Nimelifikiria kutwa. Paka mwenyewe si mkubwa. Ukimbeba ni kama kubeba redio ndogo yenye moto.

Jumatano, 12 Februari

Idd. Hali ilivyo: jana Shangazi Kalekye alipanda juu na waya wa kuku na koleo yangu, hakuniuliza kitu. Ameubana kwa ndani ya grili, amevuta kila pembe kwa nguvu zake zote kuhakikisha. Ameteremsha pazia nusu. Bakuli mbili za maji. Upepo unaingia. Johari analala dirishani akiwatazama njiwa, nao wanamtazama. Inafanya kazi, lakini ni mbaya kwa macho.

Makau hushonea vifungo humo humo sebuleni, mlango ukiwa wazi, kwa sababu paka hali mpaka amwone yeye. Mimi nikiingia, Johari hunifokea. Nimemwomba Makau asimwambie Bi Ummi lolote. Amesema mdomo wake ni wa kushikia pini.

Jioni simu ikalia. Bi Ummi, kutoka Mombasa. Baada ya salamu na kupeana mkono wa Idd, akataka kumsikia Johari, sauti tu, roho yake itulie. Nilikuwa ngazini. Paka yuko juu na hanitaki. Nikafikiri upesi. Nikalia nyau. Nikaongeza ya pili, ya huzuni kidogo.

Kisha Bi Ummi akaniuliza, kwa upole sana, kama Makau yuko karibu. Nikasema yuko. Akasema, "Basi mpe yeye simu, mwanangu. Wewe pumzisha koo."

Nilipanda nikampa simu, nikasikiliza mlangoni. Makau alimwambia: "Mama, paka iko salama, iko hapa kwa miguu yangu." Hakusema la dirisha. Mwanamume wa kutegemewa, kwa muda huo.

Jumamosi, 15 Februari

Bi Ummi amerudi. Makau hakumwambia, lakini Machakos ilimwambia. Bi Wayua alimkuta palepale aliposhuka kwenye basi, akampa habari yote pamoja na manyoya yaliyobaki kwenye kitambaa cha altare.

Aliniita juu. Alikuwa amempakata Johari, anaubonyeza mguu taratibu kidole kwa kidole. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali. Nilimweleza kwamba waya wa kuku ulikuwa wazo langu tangu mwanzo, na kwamba wavu ulikuwa majaribio. Akaniuliza waya umefungwa kwa mafundo mangapi. Nikakohoa.

Akasema: "Baba, nilikwambia usilifungue. Ulipolifungua, ungefunga. Ulipoona amepita, ungeomba msaada. Kila siku ulipata nafasi mpya." Nikasema joto. Akasema joto alilijua yeye kabla yangu, ndiyo maana alisema pazia, maji na sakafu ya chumbani. Sakafu ya chumbani niliisahau kabisa.

Duka amempa Makau. Alitoa sababu moja tu. "Wote mlikuwa na kazi mikononi. Yeye alitazama juu."

Niliteremka. Makau alikuwa tayari anapima mlango kwa futi yake. Aliniambia nisijali, nitapata kona ya kuweka redio moja au mbili, mradi nisilete kamba.

Jumatatu, 17 Februari

Nimelala, nimeamka, nimechambua kisa chote. Kosa nimelipata. Mkonge. Ningetumia nailoni, paka asingepanda na mafundo yasingefunguka. Leo ningekuwa nafagia duka langu. Bi Ummi ni mtu mzuri, lakini hajui mambo ya ufundi.

Habari njema. Henry, jirani wa orofa ya kwanza, amepata kazi kwenye viwanda vya EPZ huko Athi River, atakuwa huko wiki nzima nzima. Ana paka mchanga, wa kijivu, na hana wa kumwachia. Henry ni katibu wa kamati ya kanisa inayotafuta fundi wa kutengeneza vipaza sauti vyote. Vyote. Nilimwambia asihangaike, uzoefu nimeupata juzi tu. Aliuliza kuhusu dirisha. Nikamwambia ndilo jambo ninalolijua kuliko mtu yeyote katika jengo hili.

Amenipa ufunguo. Mle ndani ni joto kweli, na mtoto wa paka anahema. Nimefungua dirisha lote. Orofa ya kwanza si orofa ya kumtisha mtu. Nateremka mara moja kutafuta nailoni.